Meza Iliyobaki Chumbani

Nachingwea, kabla hamjarudi kutoka jumuiya

Skola,

Mmekwenda jumuiya kuombewa safari ya Dar, wewe, mama yako na watoto. Mimi nimesema nina kazi ya kumalizia karakanani, na mama yako ameguna vile anavyoguna. Kazi kweli ninayo, imeegemea ukuta hapa karibu yangu, na nitakwambia ni nini. Lakini hasa nimebaki kwa ajili ya barua hii, maana mdomo wangu naujua. Nikianza kukueleza jambo zito naishia kuzungumza habari za mbao.

Mambo ya kuchemsha maji, chandarua na kutofungua mlango ovyo, mama yako ameyasema wiki nzima na bado ana mengine ya kukupa stendi. Sina cha kuongeza. Mimi nataka kusema juu ya chumba kimoja chenye watoto wadogo ndani yake. Hiyo kazi nimeifanya miaka minane, na kuna mahali niliharibu.

Naanza na Jumapili, usije ukajifanya hukumbuki. Tulikuwa tunakula chakula cha kukuaga. Shangazi yako akasema mwanao Anjela ana bahati, anabaki kulelewa na babu na bibi kama mama yake alivyolelewa. Ukacheka, ukasema, "Mimi nilikwenda kwa bibi kwa sababu baba alikuwa na mbao za kutunza." Watu wakacheka. Niliwahesabu. Walikuwa kumi na mmoja, pamoja na mama yako. Mimi nikatoka nje nikasimama kuangalia pikipiki ya mtu kama vile naitaka.

Niliumia, sikufichi. Watu kumi na mmoja wamekaa wanakula wali kwenye nyumba ya vyumba vinne, tofali zake elfu tatu na mia mbili nimezifyatua mwenyewe, milango nimeitengeneza mwenyewe, kiti alichokalia kila mmoja wao kimetoka mkononi mwangu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: kwani fundi, wakati ule mlikuwa mnaishi vipi? Basi nakujibu wewe, ingawa hukuuliza.

Nilipomaliza kujifunza useremala kule misheni, nilimfuata kaka yangu Method kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba yetu. Vyumba vitano, watu wanne. Nikamwomba kona ya kuweka meza ya kazi. Akaniambia, "Hii ni nyumba ya kuishi watu, mdogo wangu. Vumbi lako la mbao litaniua kifua." Chumba cha tano alikuwa ameweka magunia ya korosho. Niliondoka nikijisemea kwamba kwa kaka yangu gunia lina chumba na mimi sina. Neno hilo nilitembea nalo miaka. Nilikuwa najua kabisa mimi ni mtu wa namna gani na Method ni mtu wa namna gani.

Meza ile nikaitengeneza kwa mabaki ya mninga niliyopewa na mwalimu wangu. Futi mbili kwa tano. Ilikuwa kitu cha kwanza duniani kuwa changu. Tukapanga chumba hapa mjini nyuma ya soko, mimi na mama yako, na mchana nikawa naitoa barazani, jioni naiingiza ndani, kwa sababu msumeno wangu wa kwanza uliibiwa pale pale barazani nikiwa nimekwenda kunywa maji. Mtu aliyeibiwa mara moja analala na vitu vyake.

Chumba kilikuwa futi tisa kwa kumi. Tisini. Ukazaliwa wewe, akaja Deo, akaja Tasi, na wewe ukiwa na miaka minne tukawa watano. Nikakaa nikapiga hesabu kwenye ukuta kwa penseli ya fundi. Kitanda chetu ishirini na nne. Meza kumi. Kabati la vyombo sita. Ndoo, sanduku na jiko nane. Mlango ili ufunguke unakula tisa. Inabaki thelathini na tatu, na humo watoto watatu walale, mama yako apike mvua ikinyesha, na mtu mzima apite bila kukanyaga kichwa cha mtu. Nikamwambia mama yako, haitoshi. Akasema, "Wewe ndiye mwenye futi kamba."

Sasa unajua kwetu mtoto akianza kung'oka meno halali tena chumba kimoja na wazazi. Bibi yako alikuwa anaishika sana hiyo. Mtoto anapelekwa kwa bibi yake, analala naye, wanataniana, anafundishwa mambo, na hakuna anayeuliza. Nikaishika mila hiyo kwa mikono miwili. Kila aliyeniuliza kuhusu Skola nilimjibu, "Yuko Nandagala kwa bibi yake, si unajua mila." Watu wakanisifu kwamba nimekaa mjini lakini sijasahau kwetu.

Ulikuwa na miaka minne, Skola. Meno yako yote yalikuwa kinywani.

Tulikwenda kwa gari la mizigo mpaka Ruangwa, halafu nikaazima baiskeli. Ulikaa nyuma umeshika mkanda wangu, ukaniuliza vilima vimebaki vingapi. Nikasema vitatu. Vilikuwa saba. Kwenye cha nne uliacha kuuliza, na mimi nikashukuru kwamba umesinzia. Hukuwa umesinzia. Nilipogeuka ulikuwa macho, unaangalia barabara tulikotoka.

Nilimwambia bibi yako mwaka mmoja tu, mpaka nipate vyumba viwili. Ikawa mitatu. Katika hiyo mitatu nilikuja kukuona mara nne. Najua unaikumbuka vizuri Nandagala na unampenda bibi yako kuliko mtu yeyote, na sikulaumu, alikulea vizuri kuliko sisi tulivyowalea hawa wengine. Ninachokusimulia ni upande wangu wa mlango, ambao wewe hukuuona.

Siku bibi yako alipokurudisha nilikuwa ndani nanoa patasi. Nikasikia mtoto anapiga hodi. Nikasema karibu, nikidhani mtoto wa jirani ametumwa chumvi. Ukaingia na kifurushi chako, ukapiga goti, ukasema, "Shikamoo, baba Deo."

Ulikuwa umewasikia wapangaji pale uani wakiniita hivyo. Hawakuwa na kosa. Kwa miaka mitatu mtoto wangu mkubwa waliyemwona alikuwa Deo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitikia jina hilo kama mara elfu na sijamsahihisha mtu hata mmoja. Ulipocheka kidogo kwa aibu nikaona mapengo mawili mbele. Meno mawili yalikuwa yameng'oka mahali fulani, asubuhi fulani, na mimi sikuwepo.

Bibi yako alikaa kwenye mkeka, Kiswahili chake cha kuhesabika kama unavyokijua, akasema, "Huyu akilia hatoi sauti. Mchungulieni." Akanywa chai, akaomba apelekwe stendi.

Jioni ile mama yako alipotandika, ulitazama mkeka ulivyojaa Deo na Tasi, ukasema, "Mimi nitalala huku," ukajikunja chini ya meza yangu ya kazi. Tukaona ni jambo la watoto, litapita. Ulilala pale miezi sita. Nikakupigia msumari ukutani, usawa wa mkono wako, utundike vitu vyako kama wenzako. Kifurushi chako hukukifungua. Siku arobaini na moja ulikuwa unatoa nguo moja, unavaa, unaifua, unairudisha, unafunga fundo. Nilizihesabu kwa sababu kila siku nilisema kesho atafungua.

Sasa sikia neno ambalo mama yako halijui mpaka leo. Usiku mmoja katika hizo arobaini na moja nilikuona umelala chini ya meza, na ile hesabu yangu bado iko ukutani juu ya kichwa chako. Nikairudia. Thelathini na tatu zilizobaki, ukijumlisha kumi za meza, ni arobaini na tatu. Watoto watatu mkekani wanahitaji ishirini. Ilitosha, Skola. Ilitosha tangu siku ya kwanza, na ziada ya futi ishirini na tatu. Ningeitoa meza usiku tu, nikaifunga mnyororo barazani, au nikaomba fundi mwenzangu anitunzie, tungeenea wote watano na mama yako angepata pa kukaa akinyonyesha. Kwenye hesabu yangu yote sikuwahi kuigusa ile kumi. Niliona kitu cha kutoka mle ndani ni mtoto.

Method aliweka magunia. Mimi niliweka meza. Nimemnunia kaka yangu miaka yote hii, na bado namnunia, lakini siku hizi sinuni kwa sauti ya juu.

Kwa hiyo Jumapili uliposema habari ya mbao, wengine walicheka kwa sababu ni utani. Mimi nilitoka nje kwa sababu ulikuwa umepiga palepale, na hukujua.

Kuna makosa mengine madogo ya chumba kile, nikutajie uyaruke. Deo nilimchapa kwa kelele za kopo la misumari wakati nina usingizi wa mchana, kumbe alikuwa anaipanga kwa inchi, ya mbili huku, ya tatu huku. Kijana wa miaka minne. Nikamfundisha kuogopa misumari, na leo anauza vocha. Mimi na mama yako tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona tukidhani wamelala. Mtoto wa chumba kimoja hasinzii wazazi wakinong'ona, akili yote inahamia masikioni. Baadaye tukajifunza kwenda kugombania nyuma ya choo, na huko mtu hagombani muda mrefu. Na kila kitu mnachoingiza ndani, hata kiwe kizuri namna gani, ulizeni kwanza kinakaa mahali pa nani. Mumeo Festo anasema anataka kununua kochi. Mwambie baba mkwe wake amelikataa.

Nije kwenye la leo.

Mwezi uliopita ulituambia Anjela atabaki. Ulisema, "Mwaka mmoja tu, baba, mpaka tupate vyumba viwili." Maneno yale yale, hata idadi yake. Mama yako alifurahi, na ninamwelewa, nyumba imekuwa kubwa na sisi ni wawili. Alisema, "Mtoto akae. Huko kwenye chumba kimoja atajifunza nini zaidi ya kusikiliza watu wazima?" Nikaona mimi ni nani wa kusema. Mwizi hasimami kufundisha kufuli.

Halafu wiki iliyopita akaja yule mzee Masanja, mfugaji aliyehamia upande wa Ruponda na ng'ombe wake, kuchukua mlango wake. Anjela alikuwa hapa chini anaokota maranda. Mzee akaniuliza, "Fundi, nasikia binti yako anahamia Dar. Na huyu je?"

"Huyu anabaki."

"Anabaki kulinda nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka sana. Akasema, "Sisi tulipotoka kule ziwani tulimwachia rafiki ng'ombe kumi na wawili. Watoto tulibeba wote, na mmoja alikuwa na surua. Ng'ombe huwezi kumkuta baadaye anakuuliza kwa nini ulimwacha." Akapakia mlango wake akaenda. Ni maneno ya mtu mwenye ng'ombe wengi, nikayapuuza.

Anjela hakuyapuuza. Mzee alipoondoka alilala sakafuni, kwenye maranda, amenyooka, mikono ubavuni. Akasema, "Babu, nipime."

Nikampima. Futi tatu na inchi sita.

Akakunja magoti mpaka kidevuni. "Na hivi?"

Nikampima. Futi mbili na nusu.

Akasema, "Basi mwambie mama nitalala hivi."

Nilimpa kopo la misumari apange. Nikaenda nyuma ya karakana nikakaa huko mpaka nilipoweza kurudi. Nilifikiri mtoto anajua anaachwa kwa sababu ya kazi, au shule, au umbali. Kumbe ameelewa kwamba anaachwa kwa sababu ya ukubwa wake. Amekuwa akipiga hesabu kama babu yake na amepata jibu kwamba kilichozidi ni yeye. Nikajiuliza wewe ulikuwa unafikiri nini chini ya ile meza, uliyejikunja miezi sita mahali penye nafasi ya kunyooka.

Jioni ile ile nikampigia Festo. Nikamuuliza chumba ni futi ngapi. Akasema, "Ni cha kawaida tu, baba."

"Kawaida si namba, Festo."

"Sina futi kamba hapa."

"Unavaa kiatu namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Haya, pima kwa kiatu, kisigino kwenye ncha, uniambie."

Nilimsikia anatembea na simu, anahesabu, anajigonga kwenye kitu, anaanza upya. Viatu kumi na moja kwa kumi na tatu. Nimeipiga, ni futi kumi kwa kumi na mbili na chenji. Mia na ishirini. Mnatuzidi sisi futi thelathini, na mna mtoto mmoja pungufu. Nikamwambia apime na uvungu wa kitanda. Shibiri mbili. Akaniuliza, "Kuna nini, baba?" Nikamwambia kuna hesabu naisahihisha. Akasema, "Mimi nilimwambia Skola aje na wote. Akasema baba na mama wameshamzoea." Kwa hiyo wewe ulidhani unatupa zawadi. Hilo nalo nimeliandika hapa ili ujue nimeliona, na nimeshukuru, na sitaki.

Kazi iliyoegemea ukuta ni kitanda cha kuvuta. Kina futi mbili kwa tano, kwenda juu inchi kumi, na chini kina magurudumu manne. Mchana kinaingia uvunguni mwa kitanda chenu na kinakula futi sifuri. Usiku kinavutwa, na waya wa pazia nimeuweka pamoja na ndoano zake mbili za kupigilia ukutani. Mdogo wake Beno akiacha kunyonya watalala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku na mwenzake kule, kitawatosha mpaka Anjela afike miaka tisa. Mkishindwa kupata vyumba viwili mpaka hapo, niiteni nije nipime tena.

Mbao zake ni za ile meza. Ukiingia karakanani kesho utaona mahali pake patupu. Upande uliokuwa juu nimeupiga randa mpaka umekuwa laini, na ndio atakaolalia. Ukipapasa upande wa chini utakuta alama za msumeno za miaka ishirini na kitu, na karibu na kona utakuta mistari midogo ya msumari. Hiyo si yangu. Nimeigundua juzi nilipoigeuza. Mtu alikuwa amelala chali pale chini na anachora, mstari mmoja kwa kila siku, nadhani, maana ni mingi. Nilitaka kuihesabu, nikaacha.

Mama yako bado hajui. Atanuna. Rekodi yake ni siku tisa na nimezoea. Uamuzi ni wako na Festo, mimi si wa kuwaamulia. Ukiona ni lazima Anjela abaki, tutamlea vizuri, na kitanda kitatumika hapa, wala sitakutajia tena. Ila usimwache kwa ajili yetu, na usimwache kwa ajili ya nafasi. Nafasi ipo, nimeipima.

Barua nitaiweka juu ya begi lako. Nimeshasema na kondakta, kitanda kimefunguliwa kimekuwa vipande vitano na kinaingia kwenye buti. Boliti ni nane na ya tisa ni ya akiba, spana ni namba kumi na tatu, Festo anayo. Vazi la Anjela la safari sijui liko wapi, hilo mtajua wenyewe.

Leo mchana, kabla hamjatoka, nilimwambia afungue kinywa. Meno yake ni ishirini, yote yapo, hakuna hata moja linalocheza. La kwanza likilegea nataka uwe wewe uliyekaa karibu.

Mimi baba yako,

Baba Skola